eTIMS na ankara ya gunia la makaa

Tangu Januari 1, 2024, matumizi ya biashara nchini Kenya yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za elektroniki wa Mamlaka ya Ushuru, hayaondolewi tena kwenye hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa mishahara, bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, riba na mengine machache. Kifungu hicho kilikuja na Sheria ya Fedha ya 2023. Wafanyabiashara ninaowashikia vitabu hapa Mombasa walipoisikia habari hiyo, wengi waliuliza swali moja: wataweka programu ipi ya kutolea risiti, ya simu au ya kompyuta? Swali ni halali, lakini programu huwekwa kwa siku moja. Kinachoweza kuimaliza biashara ni upande wa manunuzi, na huko wachache sana wamejiandaa.

Chukua mkahawa uliosajiliwa kama kampuni, unaouza vyakula vya shilingi 40,000,000 kwa mwaka, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kando. Gharama zake zote ni 37,000,000, kwa hiyo faida ni 3,000,000, na kodi ya asilimia 30 ni 900,000. Sasa tuseme 8,000,000 za gharama hizo ni samaki, nyanya, nazi na makaa, vitu vilivyonunuliwa soko la Kongowea na ufukweni kwa pesa taslimu au M-Pesa. Si kiasi cha kushangaza. Ni kama shilingi 22,000 kwa siku. Zikikataliwa kwa kukosa ankara, faida kwenye karatasi inapanda hadi 11,000,000 na kodi inakuwa 3,300,000. Faida yote ya mwaka haitoshi kuilipa. Mwenye mkahawa atatafuta shilingi 300,000 kwingine ili alipie kodi ya pesa ambazo hakuzipata.

Hesabu hii nimeirudia mbele ya wateja mara nyingi, na kila mara mtu hunyamaza, kisha huuliza: “Lakini nyanya si hazina VAT?” Ndiyo, mazao ghafi ya shambani yamesamehewa VAT. Ankara yake inatakiwa vilevile. Mfumo ulioanza kwa ajili ya VAT sasa ndio unaoamua kodi ya mapato, na meseji ya M-Pesa, hata iwe na jina, saa na kiasi, haichukui nafasi ya ankara hiyo.

Mamlaka ya Ushuru, KRA, ina hoja nzito. Katika VAT, mnunuzi aliyesajiliwa hudai kodi aliyotozwa na muuzaji, kwa hiyo ankara ni kama hundi ambayo Hazina ndiyo huilipa. Zimekuwapo kampuni zilizofunguliwa kuuza ankara tupu, bila hata gunia moja kuhama kutoka bohari kwenda bohari. Tena yupo mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetoza asilimia 16 yake kwa uaminifu, huku jirani akimnong'oneza mteja kwamba bila risiti atampunguzia. Mtu huyo amedhulumiwa kwa miaka, na ankara ya elektroniki inampa afueni ya kweli.

Ninachokataa ni kauli kwamba yeyote asiyetoa ankara anakwepa kodi. Mama anayewauzia wateja wangu pweza huenda asifikishe mauzo ya shilingi milioni moja kwa mwaka, na aliye chini ya hapo hadaiwi kodi ya mauzo ghafi, ile inayotozwa biashara ndogo kwa mauzo yake. Anaogopa kitu kingine. Ili atoe ankara anahitaji PIN, yaani namba ya mlipa kodi, na mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha marejesho ya kodi kila mwaka kabla ya Juni 30 kwisha, hata kama hana cha kulipa. Akichelewa, faini ni shilingi 2,000. Kwake hiyo ni mtaji wa asubuhi. Hofu yake ina hesabu ndani yake, na anayemwita mkaidi hajawahi kukaa naye akaihesabu.

Mkahawa nao unafanya linalouokoa: unamwacha. Nimeona mikahawa miwili ikihamia kwa msambazaji mwenye ankara, ambaye alfajiri huenda soko lile lile, hununua nyanya zile zile, kisha huongeza bei. Serikali imepata karatasi, mlaji analipa zaidi, na mwanamke aliyeleta mboga mlango wa nyuma kwa miaka amepoteza mteja wa kila siku. Na msambazaji yule amenunua kwa nani? Kwa watu wale wale wasio na ankara. Pengo limesogea hatua moja tu nyuma.

Bunge liliona tatizo. Tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria inamruhusu mnunuzi kumwandalia ankara mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 5,000,000 kwa mwaka. Ni hatua nzuri, nami huwahimiza wateja waitumie. Lakini PIN ya muuzaji bado inatakiwa, na yeye aikubali ankara, kwa hiyo tunarudi kwa mama wa pweza na hofu yake. Rwanda, iliyoanza mashine zake za risiti mwaka 2013, sasa humrudishia mlaji sehemu ya VAT anapodai risiti. Huko anayeidai hupewa. Kwetu anayeikosa hukatwa.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi wa programu, fungua daftari la manunuzi la miezi mitatu. Waorodheshe wote uliowalipa bila ankara, kuanzia wa kiasi kikubwa. Kwa kawaida makaa na samaki ndio huongoza. Kaa na kila mmoja. Anayekubali, msaidie kupata PIN, mwoneshe *222#, namba ya huduma ya eTIMS, kwenye simu yake ya kawaida, na umwahidi kwamba marejesho yake ya Juni utayashughulikia wewe. Mteja wangu mmoja alifanya hivyo kwa wauzaji saba. Watano walikubali, na bado ananunua kwao.

Wawili waliobaki hataweza kuendelea nao. Kwa ajili yao ningependa KRA ikubali rekodi ya M-Pesa kwa manunuzi ya sokoni yasiyozidi kiwango fulani kwa siku. Jina, tarehe na kiasi tayari vimo.