Nani Atakuwa Mjerumani?

Hawa askari watanimaliza. Sisemi wale wa barabarani, hao tumeshazoeana. Nasema hawa wa mbao, bapa, wa kuchezea vita mezani, urefu milimita 28, hata njiti ya kiberiti inawapita. Wazungu wanaopigana vita vya mezani hutumia kipimo hichohicho, ila kwao rangi huuzwa katika vichupa vidogo. Mimi niko Kihesa, Iringa. Nikiomba rangi ya kaki duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji ananiuliza, "Bosi, vyumba vingapi?" Namwambia nataka kijiko kimoja. Anawaita wenzake waje wanione.

Plaiwudi natoa Mafinga, milimita 3, nampelekea kijana mwenye mashine ya leza anayechonga ngao za mahafali. Askari wanatoka kingo zimeungua, nyeusi tii, wananuka moshi. Ukiwapiga msasa, mikuki ya Wahehe inakatika. Bunduki hazikatiki, mikuki tu! Mjerumani ataanguka sakafuni aokotwe mzima, Mhehe ukimpumulia keshabaki na mpini. Kisha kila mmoja ana ulimi miguuni wa kuchomeka kwenye ufa wa kitako. Ulimi mnene, ufa mwembamba. Unakwangua, unakwangua, mara ufa umepanuka, askari kalala chali na vita bado. Na bapa huyu ana pande mbili: unapaka mbele, unasubiri, unapaka mgongo. Kusubiri kwenyewe ni Juni ya Iringa, rangi na gundi zote zimegoma kukauka. Juzi nimewapanga kandokando ya jiko la mkaa, mama watoto akaja na sufuria la maharage: "Baba Neema, liondoe hilo jeshi, watoto wana njaa."

Hayo yote navumilia. Asiyevumilika ni shemeji.

Tunapigana vita vya Lugalo, hapahapa Iringa, 17 Agosti 1891, siku Wahehe wa Mkwawa walipolifyeka jeshi la Mjerumani Zelewski na mwenyewe akafia hapohapo. Inasimuliwa alikuwa amepanda punda. Punda nimempaka mwenyewe, masikio yamesimama, pua ya kijivu. Kwa kweli ndiye mzuri kuliko wote mezani. Sasa nani atakuwa Mjerumani? Iringa hii? Shemeji kila Jumapili anaingia, "Kamwene!", kiti anavuta upande wa Wahehe. Namwambia leo tubadilishane. "Shemeji, mimi wa Kalenga. Bibi akisikia nitaeleza nini? Wewe Mnyakyusa, mtu wa kuja, Ujerumani unakufaa." Basi mimi niliyewapaka wote, mbele na nyuma, kila wiki napigwa sebuleni kwangu na chai namtengea.

Jumapili hii dadu zikanipenda. Sita, halafu sita tena. Wahehe wakaanza kulala. Shemeji akasimama: "Lugalo hapakuwa na dadu!" Akapiga magoti, akachungulia chini ya meza kama mguu mmoja nimeuwekea kibao. Nikamwambia, basi tuache Lugalo, tusogee hadi 1894, Wajerumani walipoiteka ngome ya Kalenga, dadu tuzitupe nje.

Hakunijibu. Akachukua kikombe chake, akaenda jikoni kwa dada yake, wakaanza kunisema kwa Kihehe. Kihehe nakipata nusunusu, lakini "Mjerumani" nimelisikia, tena si mara moja, na dada mtu anacheka.