Vitalu vya uwindaji: wakurugenzi wanaondoka, madaraka yanabaki palepale

Sakata la wanyamapori likilipuka nchini, anayeondolewa ofisini mapema ni mtaalamu. Agosti 2012 Waziri Khamis Kagasheki alimwondoa Mkurugenzi wa Wanyamapori na wenzake kwa sababu ya twiga na wanyama wengine zaidi ya 100 waliopandishwa ndege Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Qatar mwaka 2010. Novemba 2017 Waziri Hamisi Kigwangalla alimsimamisha mkurugenzi mwingine, akimtuhumu kuwa karibu mno na OBC, kampuni ya uwindaji ya Loliondo. Kanda ya Ziwa habari kama hizi hupokelewa kwa shangwe: gemu, yaani watu wa Idara ya Wanyamapori, nao wamepatikana.

Shangwe hiyo ina sababu zake. Mtu wa Bunda au Meatu anamjua askari wa gemu kama mtu aliyemkamata mjomba wake na kimoro, nyama kavu ya porini, au aliyeswaga ng'ombe wa jirani wakaishia mnadani. Oktoba 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, msako wa majangili. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ilirudi na taarifa za watu kuteswa na kufa na mifugo kuuawa, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao, Kagasheki akiwamo. Kijana anafungwa kwa paja la nyumbu, wakati mgeni mwenye leseni anaondoka na kichwa cha simba. Ukiambiwa mkubwa wa idara hiyo anakula na kampuni tajiri, hutadai ushahidi. Hasira hiyo ni halali.

Ila tuhuma za vitalu, yaani maeneo ya pori wanayopewa wenye kampuni kuwinda, zinahitaji tuangalie sheria inampa nani madaraka. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ilimpa waziri kazi ya kugawa vitalu, kwa ushauri wa kamati. Mkurugenzi na watu wake walikusanya maombi, wakapanga idadi ya wanyama wa kuwindwa, wakaandaa mafaili. Uamuzi ulikuwa wa waziri. Mwaka 2012 kamati hiyohiyo ya Lembeli, mbunge wa Kahama, ilimtuhumu Waziri Ezekiel Maige, mbunge wa jirani yake wa Msalala, kuwapa vitalu watu wasio na sifa. Maige alikana, na Mei mwaka huo akaachwa nje ya baraza. Aliyemrithi ni Kagasheki, mbunge wa Bukoba Mjini. Nataja majimbo makusudi, kwa kuwa huku tumezoea kulisimulia sakata hili kama mambo ya Arusha na Dar es Salaam, ilhali waliolicheza wengi ni watu wetu.

Mfano wa Green Mile, kampuni ya uwindaji, unaonyesha vizuri zaidi. Mwaka 2014 video ya wawindaji wakifukuza wanyama kwa magari ilifikishwa bungeni, na Waziri Lazaro Nyalandu akaifutia kampuni hiyo leseni. Mwaka 2016, chini ya Waziri Jumanne Maghembe, ikarudishiwa. Mwaka 2019 Kigwangalla akaifuta tena. Kampuni ilikuwa ileile na sheria ileile. Kilichobadilika ni aliyeketi kwenye kiti. Mtaalamu anayefanya kazi chini ya utaratibu huo ataandika nini kwenye ushauri wake, akijua kwamba leo utasifiwa na baada ya miaka miwili utageuzwa kosa?

Halafu kuna dola 7,500. Hadi mwaka 2007 hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya kitalu kwa mwaka mzima, kitalu kiwe kimejaa simba au kimebaki na digidigi. Chukua kitalu cha kilomita za mraba 1,000: ada hiyo ni dola saba na nusu kwa kilomita ya mraba. Kilomita moja ya mraba ina ekari 247, kwa hiyo tunazungumzia senti tatu za dola kwa ekari kwa mwaka. Hakuna mkulima Bunda anayekodi ekari ya pamba kwa bei hiyo. Kweli, kampuni zililipa pia ada ya kila mnyama aliyeuawa na ada za kila siku, na hilo lisisahaulike. Lakini mteja mmoja wa safari ya siku 21 alilipa makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo mgeni wa kwanza wa msimu tu alirudisha ada ya kitalu na chenji ikabaki. Ndiyo maana kulikuwa na wenye vitalu ambao hawakuwahi kuwinda: walichukua kitalu kwa bei ya serikali, wakamkodisha mgeni kwa bei ya soko, tofauti ikaingia mfukoni.

Nani aliyeiweka bei hiyo na kuilinda miaka yote? Ada hupangwa kwa kanuni, na kanuni hutiwa saini na waziri. Ilipopandishwa hadi dola 27,000 wenye kampuni walipiga kelele, na baadaye daraja la juu likafika dola 60,000. Maofisa wa idara hawakosi lawama. Waliona ukodishaji ule, wengi wakanyamaza, na sina sababu ya kuamini kwamba kila aliyenyamaza alifanya hivyo bure. Lakini kunyamaza chini ya mkubwa na kugawa mali ya umma ni makosa mawili tofauti. Sisi tunayaadhibu kama kosa moja, na adhabu anaibeba mdogo.

Chini kabisa kuna askari. Hapa Mwanza, Chuo cha Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi kimekuwa kikiwafundisha tangu 1966, na hakuna mtaa wa Ilemela usiomjua kijana aliyepita pale. Mwindaji wa kitalii lazima afuatane na askari wa serikali. Kwa kawaida kijana huyo huenda porini kwa gari la kampuni, hulala kambi ya kampuni na hula chakula chake. Humohumo anatakiwa amzuie mteja aliyelipa fedha nyingi asimpige simba wa chini ya miaka sita. Akifanya hivyo, atarudi mjini kwa gari la nani? Wapo wanaopokea bahasha, na wakikamatwa wafikishwe mahakamani. Ila serikali iliyomtuma akasimamie tajiri bila gari wala posho ya kutosha ilikuwa imeshaamua nusu ya matokeo.

Watetezi wa kutumbua husema hofu huwanyoosha waliobaki. Nimejaribu kuiona faida hiyo Loliondo. Mwaka 2017 tuliambiwa OBC haitaongezewa muda. Mkurugenzi akaondoka, kampuni ikabaki. Kilichobadilisha mambo kweli ni hatua nyingine ya waziri huyohuyo, Kigwangalla: Oktoba 2017 alifuta mgao wa vitalu uliofanyika Januari, na kuanzia 2019 vitalu vikapelekwa kwenye mnada wa kielektroniki. Mnada una matatizo yake. Vitalu vingine vimekosa wanunuzi, na wawindaji wanasema anayenunua ghali hubaki na kidogo cha kulipia doria. Hoja hiyo ina uzito. Lakini aliyeshindwa mnadani anajua kashindwa kwa shilingi ngapi, na ofisa hawezi kutuhumiwa kumpa rafiki kitu ambacho hakikuwa mkononi mwake.

Ndiyo maana kanuni za mwaka 2020 za maeneo maalumu ya uwekezaji, SWICA, zinanitia wasiwasi. Zina hoja nzuri: mwekezaji mwenye mkataba mrefu hujenga barabara na kulipa askari kuliko mwenye mkataba mfupi. Grumeti, pori la akiba lililo kwenye ukanda wa Serengeti unaoshuka hadi Ghuba ya Speke, linaonyesha hivyo: kampuni ilishika kitalu cha uwindaji, ikalipa ada za serikali, ikaamua kutowinda na kuleta watalii wa picha. Lakini mkataba wa SWICA hupatikana kwa maombi na majadiliano, na majadiliano yanairudisha kalamu ilipokuwa kabla ya mnada, safari hii kwa miaka mingi zaidi.

Halmashauri za Bunda, Serengeti na Meatu zina haki ya kuiona mikataba hiyo, pamoja na ushauri wa wataalamu ulioitangulia, ukurasa kwa ukurasa. Tembo wakiingia shambani usiku, ni wananchi wao wanaoamka kupiga madebe. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha kati ya Sh25,000 na Sh100,000 kwa ekari, tena mwisho ekari tano. Ushauri ukiwa wazi, siku tuhuma nyingine ikiibuka tutajua kama mkurugenzi alipendekeza uovu, au alikataa na akapuuzwa.