Teminali kwa kazi za kila siku: watu wanabishania spidi na kuacha mambo ya msingi

Kila mada ya teminali, lile dirisha la kuendesha kompyuta kwa kuandika amri, ikiibuka watu wanagawanyika na hawasikilizani kabisa. Huku wapo wanaosema kama hujui kuandika amri basi hujui kompyuta, wewe ni abiria tu. Kule wapo wanaouliza hivi kweli zama hizi mtu akae mbele ya dirisha jeusi anaandika ls (kuona faili zilizopo) na cd (kuingia folda nyingine) wakati ikoni zipo, unabofya mara mbili kazi imeisha? Alafu wote wanaishia kubishana nani anamaliza haraka. Mi natumia teminali kila siku kwa miaka kadhaa sasa na naona hilo la spidi ndo linawapoteza wote.

Maana ukiangalia spidi peke yake, kwa kazi nyingi za kawaida mausi inashinda, tuseme ukweli. Unataka kuhamisha faili moja toka folda hii kwenda ile iliyo pembeni yake, unaivuta, basi. Una picha 60 unataka kuchagua 12 zilizotoka vizuri, hapo teminali haikusaidii chochote, yenyewe inaona majina ya faili tu, haioni nani kafumba macho. Kupanga ukurasa, kurekebisha picha, kuchora, hizo kazi zinataka jicho, na anayekwambia uzifanye kwa amri anakutesa bure.

Sasa kuna kazi nyingine ambazo unaweza kuzisema kwa mdomo ukamwambia mtu. "Chukua picha zote za 2023 weka kwenye folda moja." Hiyo ni sentensi, na kazi yoyote inayosemeka hivyo ndo mahali pa teminali. Simu nyingi zinaipa picha jina lenye tarehe ndani yake, mfano IMG_20230415_101522.jpg, kwahiyo unaandika

mkdir 2023
mv IMG_2023* 2023/

na imeisha. mkdir inatengeneza folda, mv inahamisha, na hiyo nyota maana yake chochote kinachofuata. Ziwe picha 8 ziwe 8000 amri ni ile ile. Jaribu sasa kwa mausi, unabonyeza Shift unaskroli unaskroli, kidole kinateleza uteuzi wote unapotea, unaanza upya, na ukimaliza huna uhakika kama hujaruka hata moja. Spidi ipo ndio, lakini mi kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ile kazi imebaki imeandikwa. Mwaka ujao nabonyeza Ctrl na R naandika herufi chache amri inarudi nabadilisha mwaka.

Na kwa sababu imeandikwa unaweza kumtumia mtu mwingine. Aliyewahi kumwelekeza mtu kwa simu anajua ninachosema: nenda juu kulia, unaona alama ya gia? Huioni? Una toleo gani? Ebu rudi nyuma. Nusu saa inaisha mpo kwenye menyu ya kwanza. Amri unaituma kama ujumbe, anakopi anapesti (hapo kuna hatari, nakuja huko).

Kitu kingine hakisemwi sana, hizi amri hazizeeki. Menyu zinahama kila apdeti, ulichozoea kushoto kesho kipo kulia au kimefichwa kabisa. Unix, mfumo wa kompyuta zilikotoka amri hizi, ilianza 1969 kwenye maabara ya Bell Labs Marekani kwa kina Ken Thompson na Dennis Ritchie, na ls, cp (ya kukopi), mv, rm (ya kufuta) za enzi hizo mpaka leo zinafanya kazi ile ile. Hata ufupi wake una sababu, walikuwa wanachapa kwenye mashine za teletaipu zinazotoa herufi kama 10 kwa sekunde, nani angetaka kuandika neno refu pale. Alafu 1973 ikaingia paipu, ile alama ya |, wazo la mwenzao Doug McIlroy, kwamba matokeo ya programu moja yaingie moja kwa moja kwenye nyingine. Mfano una orodha ndefu ya majina na unahisi kuna watu wamejiandikisha mara mbili:

sort majina.txt | uniq -d

Inakuletea yaliyojirudia tu. Ya kwanza inayapanga yanayofanana yakae karibu, ya pili inachomoa. Lazima upange kwanza, uniq inalinganisha mistari inayofuatana tu. Na kama mtu kaandika herufi kubwa mara moja na ndogo mara nyingine, au kaacha nafasi mwishoni, kwake hao ni watu wawili. Haikisii. Inafanya ulichosema, ndo uzuri wake na ndo ubaya wake, na kwenye ubaya nataka nikae kidogo kwasababu wanaoisifia teminali huwa wanapapita mbio.

Mwaka wa kwanza wa kujifunza nilikuwa na picha 230 hivi, nyingine za simu nyingine za kamera, nataka zote ziende folda inaitwa zamani. Nikaandika lupu, yaani amri inayosema kwa kila picha iliyopo hapa ihamishie zamani:

for f in *.jpg; do mv "$f" zamani; done

Enter. Kimya, na kwenye teminali kimya maana yake imefanikiwa. Naenda kufungua folda ya zamani, sio folda. Ni faili, moja, ukubwa wa picha moja. Nilidhani nimeshaitengeneza ile folda kumbe sijaitengeneza, kwahiyo mv ikachukua picha ya kwanza ikaibadilisha jina ikaiita zamani, ikachukua ya pili nayo ikaiita zamani juu ya ile ya kwanza, ya tatu ikafuta ya pili, hivyo hivyo mpaka 230. Ikabaki ya mwisho. Haikuniuliza hata mara moja. Za simu nilizipata maana zilikuwa bado kwenye simu, za kamera zilienda, memori kadi nilishaifuta asubuhi yake. Ningeandika zamani/ na slashi mwishoni mv ingegoma pale pale kwamba hakuna folda kama hiyo. Alama moja.

Kwahiyo mtu akisema teminali ni hatari kwa mwanafunzi simcheki hata kidogo, ana haki. Ukifuta kwa mausi faili inaenda kwenye taka, unaweza kuirudisha. rm haina taka. Majina yenye nafasi nayo ni mtego, ukiandika rm ripoti mpya.pdf bila alama za nukuu, teminali inasoma faili mbili, ripoti na mpya.pdf, na kama una faili zenye majina hayo zimeondoka zote wakati uliyotaka kuifuta bado ipo. Na usidhani ni wanafunzi tu. Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kutunza kodi za watu (maandishi ya programu, sio za serikali), alifuta folda ya hifadhidata akidhani yupo kwenye seva moja kumbe yupo kwenye nyingine, gigabaiti kama 300 zikabaki 4.5 tu kabla hajastuka kuisimamisha, na data za saa 6 hivi hazikurudi. Kampuni yenyewe ilieleza yote hadharani, nawaheshimu kwa hilo.

Upande mwingine kuna faida moja sijaona ikipewa uzito wake. Watu wengi sahivi wamekulia kwenye simu, na simu inakuficha faili ilipo, unaona "za karibuni" na sehemu ya kutafuta, basi. Wakifika kwenye kompyuta wanasema faili imepotea wakati ipo, hawajui tu wameiweka wapi. Teminali haikuruhusu kutojua. Muda wote upo ndani ya folda fulani, ukiandika pwd inakwambia ipi, na huwezi kusogea mpaka useme unaenda wapi. Wiki mbili za cd na ls zinamfundisha mtu kompyuta imepangwaje kuliko miaka ya kubofya, na hayo maarifa anarudi nayo kwenye mausi vile vile. Pia kwa asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, mistari ya maandishi mara nyingi inasomeka vizuri kuliko dirisha lenye vitufe visivyo na majina.

La mfumo gani sitalirefusha. Kwenye Linux na Mac amri hizi unazo tayari, kwenye Mac tangu 2019 ganda la kawaida (shell, programu inayosoma amri zako) ni zsh na kwa amri hizi za msingi huoni tofauti. Windows ina ganda lake, PowerShell, tangu 2006 na kuanzia 2016 unaweza kuweka Linux ndani yake.

Kwahiyo ujifunze au usijifunze? Kama kazi zako ni za jicho, au unahamisha faili tatu kwa wiki, acha, hujakosa kitu na asikuaibishe mtu. Kama kuna kazi unairudia kila mwezi na unaweza kuieleza kwa sentensi moja, jifunze, na hauhitaji amri mia. pwd, ls, cd, mkdir, cp, mv, grep ya kutafuta maneno ndani ya faili, ile paipu, kitufe cha Tab kikumalizie majina, na man ya kusoma maelezo ingawa yameandikwa kama vile unayesoma unajua tayari. rm iache mpaka mwezi wa pili. Fanyia mazoezi kwenye folda ya kopi, kamwe sio kwenye faili halisi.

Hatari ya sahivi naona imehama. Zamani ulikosea kwasababu umeandika mwenyewe vibaya, siku hizi watu wanapesti amri walizookota kwenye mtandao au walizoandikiwa na akili bandia bila kusoma hata neno moja, na nyingine zinaanza na sudo, yaani unaipa ruhusa ya kugusa kila kitu kwenye mashine yako. Kama huwezi kusema kila kipande kinafanya nini usibonyeze Enter. Kabla ya mv IMG_2023* andika kwanza ls IMG_2023* uone itashika nini. Na kwenye lupu weka neno echo mbele ya mv, haitahamisha kitu, itakuandikia tu kila amri ambayo ingetekeleza. Siku ile ya picha zangu ingeniandikia mistari 230, kila mmoja unaishia na neno zamani, hakuna slashi, na ningekuwa na muda wote duniani wa kuangalia kama hiyo folda ipo.