Yanga ni ya Dar, Wewe si Umesema Unatoka Tanga?

Niliulizwa saa nane usiku, kwenye chumba cha chai cha ghala la vifurushi ninakobeba maboksi hapa Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Muulizaji ni mzee mmoja anayeendesha foklifti, mtu wa hapahapa, baba yake wa hapahapa, babu yake wa hapahapa. Aliniona na kofia ya Manchester United. Akauliza kama nimezaliwa Manchester. Nikamwambia hapana. Una ndugu huko? Sina. Umewahi kukaa huko? Nimepita na basi. Akaguna, akakoroga chai yake, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: sasa huko kwenu timu yako ni ipi?

Hapo nikapata nguvu. Nikatoa simu nikamwonyesha Wananchi, yaani Yanga. Uwanja wa Mkapa umefurika kijani na njano mpaka juu kabisa, watu wanarukaruka, mavuvuzela yanalia. Mzee akavaa miwani, akasifia, halafu akafungua ramani kwenye simu yake akaanza kupekua. Jamani, watu wengine wana roho mbaya. Akapima kwa kidole. Yanga ni ya Dar es Salaam, akasema, na wewe siku zote unatuambia unatoka Tanga. Toka hapa mpaka hapa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300. Kwenu Tanga hawachezi mpira?

Nilimeza chai ikiwa ya moto vilevile.

Tanga hawachezi mpira! Nikaanza kumhutubia. Nikamwambia kuna Coastal Union, tunaoiita Wagosi wa Kaya, tangu 1948, mabingwa wa Tanzania Bara 1988. Nikamwambia kuna African Sports, Wana Kimanumanu. Nikamwambia msimu wa 2015/16 mkoa wetu ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu kwa mpigo, hizo mbili na Mgambo ya jeshi. Akauliza, zikamaliza nafasi ya ngapi? Nikanyamaza. Nyote mnajua zilimaliza ya ngapi. Zilishuka zote tatu, msimu mmoja, kama watu walioagana kituo kimoja.

Akauliza tena: na mara ya mwisho wewe kwenda uwanjani kuitazama hiyo Coastal ni lini? Nikaanza kuhesabu. Nilikuwa Mkwakwani, uwanja wetu wa Tanga, ilipokuja Simba, watani wa Yanga. Nilikuwa Mkwakwani ilipokuja Yanga, tena jukwaa la Yanga. Lakini Coastal na timu nyingine yoyote, siku ya kawaida, mimi kama mimi, mtoto wa Ngamiani, nimetembea kwa miguu kutoka nyumbani nikalipa kiingilio? Mashine ya kupangia mizigo ikalia, nikashukuru Mungu.

Nimeandika haya kwa sababu tangu usiku ule sijatulia. Na najua mtakavyosema, nitafika huko.

Ngoja kwanza niwaambie kuhusu timu ya huyu mzee. Inaitwa Bradford City, jina la utani Bantams, vijogoo. Imewahi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza misimu miwili, 1999 mpaka 2001, kisha ikaporomoka kama nazi. Mwaka 2019 ikaangukia daraja la nne. La nne! Ikakaa humo misimu sita. Sasa mtu wa kwetu angetegemea nini? Uwanja ubaki na popo na mlinzi. Lakini ukiacha kipindi cha korona, kwa wastani watu zaidi ya 14,000 walikuwa wanaingia kila mechi ya nyumbani kutazama mpira ambao, nawaapia, mwingine ni wa kupaisha tu na kukimbizana kwenye matope. Manchester wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Leeds ipo pua na mdomo. Hawaendi. Wanakwenda kwa vijogoo wao, na baridi lao, na mikate yao ya nyama ambayo sitaki kuielezea.

Tarehe 3 Mei 2025 ilikuwa siku ya mwisho ya ligi. Wanahitaji ushindi dhidi ya Fleetwood ili wapande daraja moja kwa moja. Uwanja umejaa. Dakika tisini zimekwisha, sifuri kwa sifuri. Dakika ya 96 Antoni Sarcevic akafunga. Mzee wangu wa foklifti alikuwepo na mjukuu wake. Anasema hakuona goli, aliona mgongo wa mtu wa mbele, kisha akajikuta analia. Analia kwa kupanda daraja la tatu! Mimi niliposikia nilicheka. Yeye hakucheka.

Haya, tuje kwenye kiingilio, maana najua ndipo wengi mnaponisubiri na mawe.

Utaniambia, mgosi (ndivyo tunavyoitana Tanga), wewe una pauni, unatuzungumzia nini? Sawa. Hesabu nazifanya hadharani. Mwaka 2015 hawa Bradford waliuza tiketi ya msimu mzima kwa pauni 149. Mechi za ligi za nyumbani ni 23, kwa hiyo chini ya pauni saba kila mechi. Kwa pesa yetu ni elfu ishirini na kitu, na kwa Tanga hiyo ni hela ya kilo za mchele, si ya mpira. Nakubali. Ila Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara huku kilipanda kikawa pauni 12.21 kwa saa, kwa hiyo hata bei ikipanda, mtu anafidia tiketi kabla jasho halijakauka. Mtu wa Makorora anayeuza mihogo na chatini akitoa buku tano, shilingi elfu tano, ametoa siku nzima. Tena mechi inapangwa Jumatano saa kumi jioni, jua la utosi, eti kwa ajili ya televisheni. Sijasahau. Mimi nimekua humo.

Lakini hebu tuambizane ukweli, tuko wenyewe. Yanga ikija, huyohuyo mtu wa buku tano anatoa kumi. Anaacha kibanda, anachukua bodaboda, anamnunulia mtoto jezi pale nje ya geti. Mkeka wa kubashiri mechi kila wiki anatia. Kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, anaingia kila Jumamosi na Jumapili, jero jero, yaani mia tano, kutazama watu wa Liverpool ambao hata wenyewe, Februari 2016, walisimama dakika ya 77 wakatoka uwanjani kwa maelfu kwa sababu klabu ilitaka kuweka tiketi ya pauni 77. Wenye timu wakasalimu amri siku chache tu baadaye. Wale waligomea bei wakiwa wamo ndani ya uwanja, tiketi wamelipa. Sisi tunagomea bei ya Coastal tukiwa kijiweni na kahawa na kashata, hata bei yenyewe hatuijui.

Na huku si peponi, msidhani nawauzia Ulaya. Tiketi za timu kubwa zimekuwa za watalii. Mashabiki walipiga kelele miaka mpaka ndipo Ligi Kuu yao ikaweka ukomo wa pauni 30 kwa mashabiki wa timu ngeni. Walipiga kelele, lakini. Binamu yangu aliponiambia "huko kwenu kuna utaratibu" nilimjibu kwamba huo utaratibu haukushuka kama mvua.

Sasa na wale wa "amekwenda Ulaya juzi, leo anatufundisha mapenzi ya timu." Mmoja ameshanitumia sauti ya dakika nne kwenye kundi letu la mtaa. Anasema nimekuwa mzungu wa Ngamiani. Anasema Coastal ingekuwa na viongozi wa maana angekwenda. Anasema miaka yote ni migogoro, leo mkutano, kesho barua, keshokutwa wamegawanyika makundi. Kaka yangu, umesema kweli tupu. Ila na Yanga wamegombana mpaka wakashikana mashati kabla hujazaliwa, na Simba hivyohivyo, wewe hukuhama. Kwa hiyo migogoro ya Dar unaivumilia, ya jirani yako ndiyo inakuuma? Mimi ni wa Yanga, narudia, siivui. Nimezaliwa nikaikuta ukutani kwa baba. Swali langu ni kwa nini ukuta ule haukuwa na nafasi ya picha ya pili.

Kuna jambo moja limeninyima usingizi kuliko yote, nalo ni la wachezaji wa zamani.

Hawa wa Bradford wana mtu wao anaitwa Stuart McCall. Tarehe 11 Mei 1985 jukwaa la uwanja wao liliungua mechi ikiendelea, wakafa watu 56. McCall alikuwa mchezaji siku hiyo, na baba yake aliungua vibaya, akapona. Kuna mnara wa kumbukumbu katikati ya mji, nimesimama pale, kila Mei 11 watu wanakusanyika. Mwaka 1988 McCall akauzwa Everton. Miaka kumi baadaye akarudi, na 1999 akawa nahodha wa kikosi kilichopanda Ligi Kuu. Kisha akarudi kama kocha mara tatu, nyakati nyingine timu inafungwa hovyo chini yake, na bado mzee wangu akimtaja anashusha sauti kama anamtaja marehemu mama yake. Kumbe mtu yu hai!

1988. Angalieni mwaka huo. Mwaka ambao wao wanamlilia McCall, sisi tunacheza ngoma mitaani, Coastal bingwa. Na kwenye kikosi kile alikuwemo Juma Mgunda. Mgunda huyohuyo aliyekuja kuwa kocha wa Coastal na kuifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam 2022. Mchezaji wa ubingwa amerudi nyumbani, ameipeleka timu fainali. Huyo ndiye McCall wetu, tena wa kwetu ametangulia na kombe la ligi mkononi, la nchi nzima! Septemba ileile akachukuliwa na Simba, na kijiweni kwetu mtu akasema, na mimi nikaitikia kwenye simu, "sasa ndio amekuwa kocha." Sasa ndio! Miaka yote ile alikuwa nani?

Hivyohivyo kwa beki Bakari Mwamnyeto. Alipotoka Coastal kwenda Yanga 2020, ghafla kila mtu Tanga alikuwa amemjua tangu mdogo. Akirudi Mkwakwani tunampigia makofi, ndiyo, ila mimi najua makofi yangu yalikuwa ya ile jezi ya Yanga. Huku mchezaji wao wa zamani akija na timu ngeni, jina lake likitangazwa watu wanasimama, wanapiga makofi, halafu mpira ukianza wanamzomea dakika tisini. Mzee anasema vyote viwili ni heshima.

Nimalizie kwa kujishitaki, ili wa sauti ya dakika nne asipate kazi ya kunitafuta. Fainali ile ya 2022 ilichezwa Arusha, Coastal na Yanga. Niliitazama huku kwenye simu, nimejifunika blanketi, na jezi nimevaa. Abdul Suleiman Sopu alifunga magoli matatu. Matatu, dhidi ya Yanga, kwenye fainali, akiwa na jezi ya timu ya mji wangu. Na kila alipofunga nilitukana. Ikaisha tatu kwa tatu, Yanga wakachukua kwa penalti, nikapiga kelele mpaka mpangaji wa chini akagonga dari kwa ufagio. Asubuhi mama akanipigia. Hapendi mpira, ila alisema mtaani kumekuwa kimya, watoto wanalia, kwani imekuwaje? Nikamwambia, mama, tumeshinda. Akauliza, nani?

Tangu ule usiku wa ramani, mzee wa foklifti hanipumzishi. Kila Jumatatu ananiuliza Coastal imefanyaje. Nimelazimika kujua. Sasa najua ratiba, najua kipa ni nani, najua tulimaliza nafasi ya nne 2023/24 tukaenda Kombe la Shirikisho Afrika na kutolewa na Bravos do Maquis ya Angola. Nimemtumia binamu hela awapeleke watoto watatu Mkwakwani, mechi ya kawaida, si ya Simba wala Yanga. Akanitumia picha. Wamekaa jukwaani wamechangamka, wana karanga na machungwa ya Muheza, na wote watatu wamevaa jezi za Yanga, zile nilizowatumia mimi Krismasi.

Juzi mzee kaja na miwani yake, ameshajifunza kuitafuta ligi yetu kwenye simu. Ameona Coastal inakutana na Yanga. Akakaa mbele yangu, akaweka kikombe mezani, akauliza nataka nani ashinde.

Nikamwambia mashine inaniita.