Kilo Zangu Hazihusiki

Nina kilo 94, na ninaitaja hesabu hiyo mapema kwa sababu nyumbani kwangu imekuwa ikitajwa kila asubuhi tangu trei ya bafu ilipopasuka. Trei ninayoisema ni ile sahani pana, nyeupe, ya akriliki, ambayo mtu husimama juu yake chini ya bomba la mvua. Niliinunua mwenyewe Kariakoo, nikaipakia kwenye bajaji huku nusu yake ikichungulia nje, nikaikumbatia hadi nyumbani kama bibi harusi. Haikumaliza miaka miwili.

Ufa wenyewe ulianza kama unywele. Kwa siku tatu niliamini kweli kwamba ni unywele, nikawa ninaukwangua kwa kidole gumba cha mguu na kuyalaumu kimoyomoyo mawigi ya mke wangu. Siku ya nne niliinama na kuutazama vizuri, nikaona kwamba umeanzia kwenye tundu la kutolea maji na umetambaa kuelekea pale pale ninapoweka kisigino cha kulia. Nikiegemea mguu huo ufa unafumbuka na povu la sabuni linazama. Nikihamia mguu wa kushoto unafumba, tena kwa mlio kama wa mtu anayemeza uji wa moto.

Nilipolifikisha suala hilo sebuleni, hakuna aliyeuliza habari za trei. Mke wangu alinitazama kuanzia kifuani kushuka chini, akasema kwa upole, "Baba watoto, si nilikuambia chapati za usiku?" Kijana wangu wa kidato cha pili, ambaye ndiyo kwanza amefundishwa mgandamizo shuleni, alichukua karatasi, akagawanya uzito wangu kwa eneo la nyayo zangu, akaniletea jibu nikiwa ninakula. Ada ninalipa mimi.

Kwa kuwa nilikuwa nimeaibika, nilitibu kwa siri. Nilinunua silikoni, nikaipaka juu ya ufa usiku, ikaishi siku nne. Nikanunua ya pili, halafu ya tatu, mpaka sakafu ya trei ikawa na kovu nene kama la mtu aliyepasuliwa kidole tumbo. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba silikoni ni ya kuziba mahali vitu viwili vinapokutana vikiwa vimetulia, na kwamba kitu kinachocheza kila kinapokanyagwa huichana upya kila asubuhi. Wakati huo mimi nilikuwa ninaikasirikia silikoni, na maji yalikuwa yameshapata njia yao kupitia chini ya ukuta, yakaingia chumbani nyuma ya kabati. Tuligundua hilo siku nilipoitoa kaunda suti yangu kwa ajili ya msiba, nikakuta mgongo wake umeota ukungu wa kijani.

Nilimpigia simu fundi aliyeifunga. Alisema, "Bosi, mimi niliiacha ikiwa nzima," akaongeza kwamba yuko saiti Bagamoyo na kwamba atakuja Jumatatu. Hakusema Jumatatu ya mwaka gani.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa maneno machache. Hakuutazama ufa kabisa. Alichutama, akaanza kuigonga trei kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikitimaji, na sehemu kubwa ya trei ikamjibu kwa mlio wa debe tupu. Kisha aliomba glasi ya maji, akaiweka kwenye ukingo wa trei, akaniambia nipande. Nilipopanda, maji ya glasi yalitikisika kama chai ndani ya daladala. "Mzee, tatizo si wewe," alisema. "Huku chini hakuna kitu." Nilimwomba alirudie neno hilo kwa sauti kubwa zaidi, mlango wa jikoni ukiwa wazi.

Alipoing'oa, tulikuta madonge matano ya mota, yaani mchanga uliochanganywa na saruji, manne pembeni na moja katikati, yamekaa kama maandazi yaliyosahauliwa kwenye sinia. Lile la katikati lilikuwa limesinyaa lilipokauka, likaachana na trei kwa nafasi inayopitisha kidole. Pembeni palikuwa na kipande cha kigae kilichochomekwa ili kusawazisha. Yaani kwa muda wote huo nilikuwa nimesimama juu ya mafiga! Sufuria huweza kukaa juu ya mafiga kwa sababu ni chuma. Trei ya akriliki ni karatasi ngumu ya plastiki iliyoungwa nyuzi za faiba kwa nyuma, na kila inapokanyagwa mahali penye uwazi hubonyea na kurudi, hubonyea na kurudi, hadi inapochoka. Hata mtu wa kilo 50 angeipasua. Angechelewa kidogo tu.

Niliuliza kama haiwezi kuzibwa kwa faiba na gundi yake kutokea chini. Alisema ingewezekana kama ufa ungekuwa mahali pengine, lakini huu ulikuwa umeshaufikia mdomo wa tundu. Jirani naye alikuja na ushauri wake wa kupuliza lile povu la kopo ili kujaza uwazi, na fundi akamjibu kwamba povu hilo huvimba litakavyo na laweza kuiinua trei mpaka ikapinda. Nikanunua trei nyingine, na safari hii bajaji niliipanda kwa unyonge.

Fundi alichanganya mchanga karai tano kwa saruji karai moja, akatia maji kwa ubahili, hadi mota ikawa inashikana ukiifumbata lakini haichuruziki. Aliitandaza sakafu nzima, akaacha tu mahali pa bomba la maji taka, kisha akailaza trei na kuigongagonga kwa nyundo ya mpira huku pimamaji ikitembea kila upande. Hapo nilijitia ujuaji, nikamshauri ailaze kidogo kuelekea kwenye tundu ili maji yateremke. Aliniambia kwamba mteremko umeshawekwa ndani ya trei na kiwanda, na kwamba kazi yangu ni kuleta chai. Alipoungia tundu alimwaga ndoo nzima ya maji na kuchungulia kiungo kwa tochi kabla hajaziba chochote, halafu akatupiga marufuku kukanyaga hadi kesho yake. Tulioga uani, nyuma ya khanga mbili zilizotundikwa kwenye kamba, na paka wa jirani akihudhuria.

Kesho yake alipaka silikoni pale trei inapokutana na vigae, na ilipokauka glasi ikarudishwa ukingoni. Mke wangu alisogea kushuhudia. Nilipanda, nikasimama, nikaruka kidogo kwa makusudi, na maji yakatulia kama ya mtungini. Aliitazama glasi, akanitazama mimi, akasema, "Hii bado mpya."

Jumamosi akafika mama mkwe kutoka Muheza. Nilimpa shikamoo, nikampokea mizigo, na miongoni mwa mizigo hiyo mlikuwamo kigoda chake cha mninga, kwa kuwa mama haogi amesimama. Aliomba ndoo na kopo, akaingia bafuni na kigoda chake, akafunga mlango. Mimi nilibaki ukumbini nimeshika gazeti ambalo sikulisoma, kwa sababu hakuna mkwe duniani anayeweza kubisha hodi kwenye mlango ule kueleza habari za mgandamizo. Nilisikia kigoda kikiburutwa, kikawekwa, kisha mama akakaa kwa pumzi ndefu. Kijana wangu alipita, akanitazama, akanyoosha vidole vitatu: miguu mitatu. Tukatega sikio pamoja.