Njia nne Mbeya: lami inakuja, maji yaende wapi?

Ukitaka kuwasha ubishi kwenye daladala ya Mbeya siku hizi, huhitaji Simba na Yanga. Taja njia nne tu, yaani upanuzi wa barabara kuu ya jiji. Kabla hamjafika Kabwe, gari zima limeshagawanyika: huku wanaosema jiji lilichelewa mno kupata barabara ya maana, kule wanaosema vumbi na foleni vimewamaliza, fremu za biashara zimevunjwa, na mtaani kwao hata greda halijapita. Pande zote mbili zina hoja. Tatizo langu ni kwamba hoja nzito kuliko zote haitajwi na upande wowote, nayo ni maji.

Nianze na wanaoitetea barabara, maana kesi yao ni nyepesi kuisimamia. Mradi ni wa kilomita 29, kutoka Nsalaga upande wa Uyole hadi Ifisi, na ujenzi ulianza 2023. Kabla yake, barabara kuu moja yenye njia mbili ndiyo iliyobeba kila kitu: malori ya mizigo ya bandari ya Dar es Salaam yanayoelekea Tunduma kwa ajili ya Zambia na Kongo, yale ya Malawi yanayokata kona Uyole, mabasi ya mikoani, daladala, bajaji, bodaboda, mikokoteni ya viazi na watoto wa shule. Sensa ya 2012 ilikuta watu 385,279 ndani ya jiji. Ile ya 2022 ikakuta 541,603. Ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40 kwa miaka kumi, barabara ikiwa ileile. Ongeza miteremko. Juni 2024, pale Mbembela, lori liliparamia magari mengine na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha, na wenyeji wanajua haikuwa mara ya kwanza kwa breki kukataa kwenye miteremko ya jiji hili. Anayesema njia nne ni anasa ya wanasiasa aende asimame pale saa kumi na mbili jioni.

Wanaolalamika nao wasichukuliwe kama wapinga maendeleo, lebo ambayo tunaigawa kirahisi sana. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anahesabika mvamizi, anapata alama ya X nyekundu na anaondoka mikono mitupu. Aliye kati ya 22.5 na 30, aliyefuatwa na barabara badala ya yeye kuifuata, anapata X ya kijani na anastahili fidia. Kwenye karatasi imekaa sawa. Lakini fidia humwendea mwenye jengo, na barabara kuu ya Mbeya inaishi kwa wapangaji. Kinyozi wa Mafiati aliyepanga fremu ana haki ya kudai hasara ya faida, ila kanuni za fidia za 2001 zinataka faida hiyo ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapobidi. Kinyozi mwenye hesabu zilizokaguliwa! Mtu ana daftari la mkopo na simu ya miamala, basi. Anaondoka na kiti chake na kioo, na wateja aliowajenga kwa miaka wanabaki palepale.

Bado, haya ni maumivu yenye mwisho. Fremu itapatikana nyingine, vumbi litatulia. Maji hayana mwisho.

Jiji limejilaza chini ya mlima Loleza, na barabara kuu inaukata mteremko kwa ubavu. Mvua zetu ni msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Mei hivi. Zamani maji ya mlimani yalishuka yametawanyika, mengine yakiishia kwenye mashamba ya mahindi na migomba. Leo juu kuna mabati, yadi za zege na lami. Barabara pana inayapokea yote, inayakusanya kwenye mtaro, kisha inayapitisha kwenye kalavati moja na kuyatema upande wa chini. Mhandisi atakuambia barabara imesalimika, na ni kweli.

Sasa shuka na hayo maji. Mtaro wa zege ni mzuri, umenyooka, kingo zimepigwa plasta. Unakwenda hadi mwisho wa hifadhi, halafu unakatika. Hapo maji yanadondoka kwenye udongo mtupu, udongo wetu wa majivu ya volkano ambao ukilowa hauna ubishi. Msimu wa kwanza ni shimo la kuzamisha ndoo. Msimu wa pili ni korongo, bomba la maji linaning'inia hewani likiwa limefungwa kwa mpira wa tairi, na mwenye nyumba ya jirani ameshaanza kupanga viroba vya mchanga kulinda msingi. Wa tatu, wanafunzi wanavuka kwa ubao.

Uliza mtaro huo ni wa nani uone. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Barabara ya mtaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017. Viwanja vilipimwa na halmashauri. Bomba ni la mamlaka ya maji, na mto ambao maji yanapaswa kufika uko chini ya bodi ya bonde. Kila mmoja yuko sahihi kwenye kipande chake, na korongo linapita katikati yao.

Hapa kuna utetezi wa haki, tena siupuuzi. Mkandarasi wa barabara kuu ana mkataba wa hifadhi ya barabara. Kuupeleka mtaro mita mia tatu zaidi hadi mtoni ni kupita viwanja vya watu, yaani uthamini upya, fidia upya na mradi kusimama. TARURA nao wanasema mfuko ni mdogo: wana mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000 nchi nzima, TANROADS takriban 37,000, lakini mgawo wa Mfuko wa Barabara ulizoeleka kuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA. Shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta iliyoongezwa 2021 kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini imesaidia, ila haifuti pengo hilo. Na halmashauri? Kodi ya majengo, ambayo miji mingi duniani huitumia kwa mitaro na taa, kwetu ilianza 2021 kukatwa kwenye umeme wa LUKU na kupitia TRA, mamlaka ya mapato, kwenda hazina kuu. Mwenye nyumba akamlaumu diwani kwa kodi ambayo diwani hakuikusanya.

Kalenda nayo inachangia. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Fedha hazishuki siku hiyohiyo, zabuni inapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, mkataba unasainiwa, na mkandarasi anafika na greda lake Novemba, mvua ikiwa mlangoni. Kifusi kinamwagwa kikavu, kinashindiliwa kibichi, na Machi kiko kwenye mtaro kimeuziba. Miezi yetu mitano mikavu tunaimalizia kwenye makaratasi.

Wapo watakaosema natafuta kasoro kwenye neema. Nawakumbusha soko la Mwanjelwa. La zamani liliungua 2006, jipya likajengwa kwa mkopo wa benki, jengo kubwa kweli. Kilichosumbua baadaye ni mkopo kutakiwa kulipwa na kodi ya vizimba, na wauza nyanya hawakuwa na faida ya kuubeba. Jengo lilihesabiwa vizuri kuliko watu watakaoingia humo.

Na Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka mlima Kawetele likafunika nyumba kule Itezi. Simlaumu mjenzi wa mtaro yeyote kwa hilo. Ila lilionyesha miteremko hii ilivyo, na bado tunaendelea kupima viwanja juu kana kwamba chini hakuna mtu.

Kwa maoni yangu njia nne ilipaswa kujengwa, na ningeiunga mkono tena kesho. Ninachokikataa ni kuhesabu kilomita za lami peke yake. Mradi wa TACTIC, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa miji 45 na ambao Mbeya imo, unaruhusu barabara, mitaro na taa kupangwa pamoja, kama ule wa miji ya kimkakati uliotangulia. Huko ndiko ningependa tubane: kilomita mbili ambazo maji yake yamefikishwa mtoni badala ya tatu zinazoyaacha kwenye uzio wa mtu. Najua gharama yake. Ile kilomita moja iliyokatwa ilikuwa ya kata fulani, pengine Isyesye au Itende, ambako watu wanavua viatu kufika kituoni, na diwani wao atarudi mkutanoni bila kitu cha kuonyesha. Atazomewa, na wanaomzomea watakuwa na haki yao. Ndiyo maana mchoro unaoonyesha maji yanaishia wapi ubandikwe ofisi ya kata kabla mkataba haujasainiwa, watu wabishane wakiwa na kalamu mkononi, wakati mstari bado unaweza kusogezwa.