Daraja la uvimbe si hatua ya saratani

Majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe wa ubongo wa shangazi yalikuja kwenye karatasi moja: astrositoma, aina ya uvimbe wa ubongo, daraja la 2. Nyumbani tukasoma "hatua ya pili", tukamshukuru Mungu kwamba tumewahi. Pale hospitali hakuna aliyetuambia kwamba tumechanganya mambo mawili, na mpaka leo linaniuma.

Hatua hueleza saratani imesambaa hadi wapi. Uvimbe unaoanzia kwenye ubongo ni nadra kutoka nje ya ubongo na uti wa mgongo, ndiyo maana mwingi haupangwi kwa hatua. Hupewa daraja, 1 hadi 4, kufuatana na ukali wa tabia yake. Kwa hiyo daraja la 2 halimaanishi umewahi. Astrositoma ya daraja hilo imeshajipenyeza katikati ya seli zenye afya, daktari hawezi kuikata yote ikaisha, na miaka ikipita inaweza kupanda hadi la 3 au la 4.

Tena siku hizi hadubini peke yake haitoshi. Shirika la Afya Duniani liliingiza jeni kwenye uainishaji mwaka 2016, na toleo la tano la 2021 likakaza zaidi. Kwa mtu mzima, jeni ziitwazo IDH ndizo njia panda. Zikiwa na mabadiliko, ni astrositoma, au oligodendroglioma, uvimbe mwingine wa ubongo, ikiwa vipande vya kromosomu 1 na 19 navyo vimepotea. Zikiwa hazina, uvimbe unaoonekana mpole unaweza kukutwa na alama nyingine, kama mabadiliko kwenye swichi ya jeni ya TERT, ukaitwa glioblastoma, uvimbe mkali kabisa, daraja la 4. Kinyama ni kilekile, ila familia iliyokuwa ikihesabu miaka sasa, mara nyingi, inahesabu miezi.

Karatasi ya shangazi haikutaja IDH popote. Sidai kila hospitali isome vinasaba vyote. Badiliko la IDH linalotokea mara nyingi zaidi hunaswa kwa kupaka kingamwili, protini inayolitambua, kwenye kipande kilekile, na hata hilo likishindikana, uainishaji wenyewe una nafasi ya kuandika kwamba vipimo vya jeni havijafanyika. Waandike basi, na watuambie kwa Kiswahili.

Miezi tisa baadaye ndipo nilipojua kwamba kinyama huhifadhiwa kwenye nta na kinaweza kupimwa upya. Tuliomba. Mtu wa maabara akavuta droo, akakitoa, kidogo kama punje ya mchele, na namba ya shangazi pembeni.